Gharama ya Kung'arisha Almasi Imo Kwenye Vumbi

Almasi ya Cullinan ilipochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905 ilikuwa na karati 3,106, sawa na gramu 621. Mwaka 1908 mafundi wa kampuni ya Asscher, mjini Amsterdam, walimaliza kuikata na kuing'arisha. Vito 9 vikubwa na 96 vidogo vilivyopatikana vilifikia karati 1,063 hivi. Takriban asilimia 66 ilikuwa imekwenda.

Tuanze na muda. Wang'arishaji watatu walifanya kazi saa 14 kwa siku, miezi 8. Hata ukitoa Jumapili, hizo ni kama saa 8,700: saa 8 kwa kila karati iliyobaki. Hapo ndipo ugumu unapodai chake. Katika vipimo vya Mohs rubi ina 9 na almasi 10, lakini namba hizo zinaficha pengo, kwani kwa mkwaruzo almasi huishinda rubi karibu mara nne. Kinachoiweza ni almasi mwenzake: unga wake huchanganywa na mafuta, ukapakwa kwenye gurudumu la chuma linalozunguka takriban mara 3,000 kwa dakika. Na bado fundi sharti atafute upande unaokubali kusagwa.

Uzito ni habari nyingine. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilitoka karati 54.5 ikabaki 23.6, asilimia 43. Tanzanaiti, yenye ugumu kati ya 6 na 7, husagwa upesi zaidi, lakini nayo kwa kawaida hupoteza zaidi ya nusu. Kinachokula uzito ni umbo la jiwe ghafi, nyufa zake, na pembe zinazotakiwa ili mwanga uingie na kurudi.

Je, ujira? Vito viwili vikubwa vya Cullinan, karati 530 na 317, vilikwenda kwa mfalme wa Uingereza. Vilivyosalia, karati 216 hivi, vilikuwa malipo ya Asscher: moja ya tano ya uzito wa vito vyote.

Sasa tuseme unanunua jiwe ghafi kwa shilingi 100,000 kila karati. Likibaki asilimia 35, karati ya kito imekugharimu shilingi 286,000 kabla ya ujira. Likibaki 43, ni 233,000. Fundi anayekuokolea hizo asilimia 8 anaweza kukutoza shilingi 50,000 zaidi kwa karati, na bado ukawa umepata faida.