Kinu cha Upepo na Jiwe la Kusagia

Wasikilizaji, zamani za misafara kila mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji alipewa posho, ama nafaka yenyewe, ama nguo na shanga za kuinunulia. Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya sasa, mwezi wa Novemba 1857, walikuta kituo kikubwa cha wafanya biashara. Lakini mtama hauwi ugali mpaka umesagwa. Je, ni nani aliyesaga? Kwa kawaida ni wanawake.

Mwanamke wa Kinyamwezi alipiga magoti mbele ya jiwe bapa, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akalisukuma mbele na kulirudisha nyuma, nafaka ikavunjika katikati. Watu wa pwani walikuwa na mawe mawili ya mviringo: la chini hutulia, la juu huzungushwa kwa mkono.

Sasa tutazame Uholanzi, nchi tambarare isiyo na maporomoko ya maji, illa ina upepo mwingi wa bahari. Kinu chao cha upepo hakina mchi, maana hakitwangi. Husaga kwa mawe mawili kama yale ya pwani, lakini makubwa mno. Nje yake mna mabawa manne ya miti, yaliyotandikwa vitambaa kama tanga la jahazi. Upepo ukiyasukuma, huzunguka pamoja na mti mnene uliolala, wenye gurudumu la meno. Meno hayo hushikana na meno ya gurudumu jingine, nalo huzungusha mti uliosimama. Na mti huo hulizungusha jiwe la juu. Upepo ukigeuka, msagaji hugeuza kichwa cha kinu kiukabili. Ukizidi, hupunguza tanga kama afanyavyo nahodha.

Vinu vya namna hii vilionekana Ulaya katika karne ya 12. Waholanzi walivitumia hata kupasua mbao na kutoa maji mashambani. Huko Kinderdijk vingalipo 19, vilivyojengwa zaidi miaka ya 1738 hata 1740.

Basi kazi ya mawe ni ile ile. Iliyobadilika ni nguvu iyasukumayo. Upepo hauumwi mgongo, wala haupigi magoti. Vitabu vya misafara vyataja sana pembe, nguo na wakubwa wa safari. Waliosaga unga ni nadra kutajwa majina. Mkikuta kijijini jiwe la kale lililolika katikati, waulizeni wazee lilikuwa la nani, mkaliandike jina lake.