Nyumba Kwanza, Samaki Baadaye

Waliokulia katika nyumba kongwe za mawe mjini Lamu wanalikumbuka birika la chooni. Lilijengwa kwa mawe na chokaa, likajazwa maji ya kuogea na kutawadhia, na ndani yake wakaogelea samaki wadogo. Hawakuwekwa kwa pambo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mbawa. Katika baadhi ya mabirika hayo fundi alipachika bakuli la kauri sakafuni, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Mwenye nyumba aliwafikiria samaki wake kabla hajawaleta.

Sisi tuliusahau utaratibu huo, na tukalipa.

Mara ya kwanza tulipoleta tangi la samaki nyumbani kwetu, hapa Mombasa, tulinunua kila kitu alasiri moja: tangi, kokoto za rangi, pampu ya hewa na samaki 12 katika mfuko wa plastiki. Tuliambiwa kwamba hakuna cha kungoja. Kabla ya Isha samaki walikuwa wakiogelea sebuleni, na watoto hawakutaka kula wala kulala. Siku ya tatu maji yakafanya ukungu mweupe. Siku ya tano samaki wakapanda juu, wakawa wanahema kwa vinywa wazi. Siku ya nane hakubaki hata mmoja.

Binti yetu wa miaka minane alitukalia kimya jioni nzima, kisha akauliza, "Mama, ni sisi tuliowaua?"

Hatukuwa na jibu. Bibi yake, ambaye ni mzaliwa wa Lamu, ndiye aliyemjibu. "Mjukuu wangu, hamkukusudia. Lakini mliwaleta katika nyumba ambayo haijawa nyumba."

Wengi wetu tunakijua kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas, ambaye Mtume (s.a.w.) alimsemesha kwa upole kuhusu kindege chake aliyekuwa akicheza naye. Huzuni ya mtoto kwa kiumbe mdogo si jambo la kuchekwa. Na kiumbe tunayemfungia ndani ya kioo ni amana: hana mto wa kuhamia wala mvua ya kumsafishia maji yake. Ndipo tukaazimia kuanza upya, safari hii kwa kujifunza kwanza. Tunayoyaeleza hapa ndiyo tuliyojifunza.

Kilichowaua samaki wetu

Samaki hutoa uchafu, na chakula kinachobaki huoza. Vyote viwili huzaa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Katika mto au ziwa wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa isipokuwa ikirundikana. Nitrati hiyo, na hata amonia yenyewe, ni chakula cha mimea.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huota polepole juu ya mchanga, mawe na sponji ya kichungio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita mpaka watoshe. Samaki wetu 12 walioga katika sumu yao wenyewe. Maji yanaweza kuonekana maangavu kama kioo na bado yakaua.

Tangi, mahali pake na mchanga wake

Tulichagua tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, ambalo likijaa hadi ukingoni huchukua lita 54. Anayeanza asidanganyike kwamba tangi dogo ni rahisi zaidi. Maji machache huchafuka upesi na joto lake hubadilika upesi, ilhali maji mengi humsamehe mwenye kukosea.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ongeza kioo, mchanga na mawe, na utaona kwamba tangi hili lazidi kilo 60. Meza ya kahawa haifai. Yahitajika meza imara iliyosawazika. Liwekwe mbali na dirisha, kwani jua la Pwani litaligeuza supu ya miani kwa siku chache. Nyaya za umeme nazo ziachwe zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia ukutani, ili tone likiteremka kwenye waya lianguke sakafuni, lisifike kwenye umeme.

Hatukuhitaji hita, kwani maji ya ndani ya nyumba zetu hukaa katika joto ambalo samaki wengi wa nchi za joto hulipenda. Siku za joto kali za Februari na Machi, hofu yetu ni kinyume chake: maji yakipata joto sana hushika hewa kidogo. Siku hizo hulifunua tangi, tukaacha feni ipulizie uso wa maji.

Kuhusu mchanga, sisi watu wa Pwani tuna mtihani wetu. Ni rahisi kuteka ndoo ufuoni, lakini mchanga wa bahari una chumvi na umejaa vipande vya makombe na matumbawe, ambavyo huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa mazito kwa chokaa. Mchanga wa mto hufaa zaidi. Chukua kijiko cha mchanga mkavu, udondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa; uache. Wetu haukutoa povu. Tuliuosha kwa ndoo, mara kumi na zaidi, mpaka maji yakatoka safi, tukautandaza kwa kina cha sentimita tano mbele na saba nyuma.

Maji yetu na mimea yetu

Maji ya visima vya kisiwani Mombasa mara nyingi yana chumvichumvi, kwa kuwa ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe na bahari iko karibu. Samaki kama moli huyastahimili, lakini mimea mingi haiyapendi. Tulitumia maji ya mfereji. Haya yana klorini, ambayo huua bakteria wazuri pamoja na wabaya, basi tuliyaacha katika ndoo zilizo wazi mchana na usiku mzima ili klorini itoke. Ziko pia dawa za matone za kuondoa klorini papo hapo, na ni salama zaidi kwa asiyejua maji yake yametiwa dawa ya aina gani, kwani aina nyingine haitoki kwa kuachwa wazi.

Mimea ndiyo roho ya tangi la namna hii. Huvuta uchafu uliooza, hutoa hewa mchana, huwapa samaki maficho, na huwanyang'anya miani chakula chao. Anayeanza achague mimea migumu isiyodai taa kali. Tuliipanda ya aina nne.

Valisneria ina majani marefu kama utepe, na huzaa miche yake kwa vikonyo vinavyotambaa mchangani. Tuliipanda nyuma. Anubiasi, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, ina majani mazito ya kijani kibichi. Na kangaga wa Java hufanana na majina yake. Hii miwili ina shina nene linalolala. Shina hilo likifukiwa mchangani huoza, basi tuliifunga kwa uzi wa pamba juu ya kigogo na jiwe, ikashika yenyewe. Ya nne ni seratofili, mmea unaoelea usio na mizizi, unaokua kwa kasi na kunywa uchafu mwingi. Kama huna budi kununua mmoja tu, nunua huu.

Taa tuliiwasha saa saba kwa siku, bila kuzidisha. Taa ikiwaka mchana kutwa na usiku kucha, anayeneemeka ni miani. Mawimbi ya kwanza ya majani yakageuka manjano na kuyeyuka, nasi tukahuzunika bure: mimea mingi huangusha majani ya zamani inapozoea maji mapya. Tuliyatoa yaliyooza, tukangoja machipukizi.

Siku za kungoja

Hapa ndipo penye mtihani. Tangi lilikuwa na maji, mimea, taa na kichungio cha sponji kinachosukumwa na pampu ya hewa, lakini halikuwa na samaki hata mmoja. Kila asubuhi binti yetu alitia kibano kidogo cha chakula cha samaki ili kioze na kuwalisha bakteria. Kila baada ya siku mbili tulipima maji kwa vifaa vya matone, naye akaandika katika daftari lake: amonia, nitriti, nitrati.

Wageni walicheka. Jirani mmoja alituuliza kama tunafuga maji.

Wiki ya kwanza amonia ilipanda. Wiki ya pili ikaanza kushuka, na nitriti ikapanda. Wiki ya tatu ikawa sikukuu ya Idi. Baba wa nyumba, kwa moyo mwema, alirudi kutoka mjini na habari kwamba ameona samaki wazuri, na kwamba watoto wanastahiki zawadi. Maji yalikuwa maangavu, mimea imechipua. Sisi wakubwa tulikwisha kukubali.

Binti yetu akaleta kichupa chake cha kupimia. Kilikuwa cha zambarau. "Nitriti bado, Baba," alisema. "Tukiwaleta leo watakufa, na mara hii tutakuwa tunajua."

Hatukwenda dukani. Bibi alisikia, hakusema neno. Alimvuta mjukuu wake akambusu utosini.

Siku ya 37 amonia ilikuwa sifuri na nitriti sifuri, na nitrati ilionekana. Tulipima tena siku tatu mfululizo ili tuhakikishe. Ndipo tukaenda.

Kuwaleta samaki

Tulinunua gapi sita, wote madume. Gapi hupenda maji yenye chokaa kiasi, kama yalivyo mengi ya huku kwetu, na wana rangi za kanga mpya. Tulichagua madume kwa sababu jike mmoja huweza kuzaa karibu kila mwezi, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hata akitengwa peke yake. Asiye na pa kuwapeleka watoto wa samaki asianze kuwazalisha.

Mfuko wao tuliuelea juu ya tangi dakika 20 ili joto lilingane, kisha tukaongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, mara nne. Hatimaye tuliwahamisha kwa wavu, tukayamwaga maji ya dukani nje. Taa ilizimwa mpaka kesho yake. Baada ya wiki tatu za vipimo vizuri tuliongeza wengine wanne, na hapo tukasimama.

Wapo wanaotuuliza juu ya samaki wa kwetu. Pwani ya Kenya na Tanzania ina samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, wanaoishi katika madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wazazi hufa, lakini mayai husubiri katika tope mpaka mvua irudi. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri, asili yake ni Unguja. Ni viumbe vya kushangaza, lakini umri wao ni mfupi na malezi yao ni ya mtu aliyekwisha zoea.

Kazi ya kila wiki

Chakula hutolewa mara moja kwa siku, kiasi watakachokimaliza kwa dakika mbili. Samaki wengi wa majumbani huuawa na huruma ya mikono mingi, basi nyumbani kwetu mwenye zamu ya kulisha ni mmoja tu, na akishalisha huandika.

Kila Alhamisi tunatoa robo ya maji na kurudisha mengine yaliyolazwa. Tunajua maji ni taabu katika mitaa mingi yetu, na wengine huyanunua kwa mtungi. Haya hayamwagwi. Yana mbolea ndani yake, na asumini na mrihani wa Bibi havijapata kunawiri hivi. Sponji tunaikamua ndani ya maji hayo hayo yaliyotolewa, kamwe si chini ya mfereji, kwani klorini ingewaua bakteria tuliowangoja wiki zote zile.

Na anayechoka na tangi asimwage samaki wala mimea mtoni au kisimani. Gugumaji lililolisonga Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa uzuri wa maua yake. Mpe jirani, au mrudishie muuzaji.

Gapi wetu sasa wana miezi mitano nasi. Mmoja alikufa mwezi uliopita. Binti yetu alipima maji kwanza, akakuta kila kitu ni salama, kisha akamzika chini ya mwasumini. Hakuuliza tena kama ni sisi. Alifungua daftari, akaandika tarehe, na jioni akawalisha waliobaki.