Mashini ya koperative inakawia: tutafute ugonjwa mbele ya kununua dawa



Siku ya malipo ya pili ya kahawa, watu wanafika kwenye depo tangu asubuhi. Wengine wametoka mbali kwa miguu. Katibu anaomba orodha ya malipo kwa ordinatere, na ordinatere inakaa kimya. Saa sita inapita, orodha haijatoka, na watu wanaanza kuulizana kama pesa imeliwa. Jioni komite inasema: «Mashini imezeeka. Tutoe pesa kwa mfuko, tununue ingine.»

Mbele ya kuinua mkono kwa kukubali, tunawaomba musome hii. Ile pesa ya mfuko ni yenu. Na mara mingi, mashini inayokawia inaweza kuponywa bila kununua kitu.

Nini iko ndani

Serveri ni ordinatere moja inayochunga habari za koperative, na zile zingine za kwenye bure na kwenye mizani zinaiuliza. Ndani yake habari zimepangwa kwa tablo: tablo ya wanamemba, tablo ya mashamba, tablo ya fishi za kahawa mliyoleta, tablo ya malipo. Programu zinazochunga zile tablo zina majina. Zinazopatikana sana ni MySQL na PostgreSQL, na zote mbili munaweza kuzitumia bila kulipa.

Kila msimu tablo zinanenepa. Wanunuzi nao wanauliza mengi zaidi kuliko zamani: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya bidhaa zinazotoka kwa misitu iliyokatwa inaomba kujua fashi ya kila shamba lililotoa kahawa. Programu iliyokuwa na mbio wakati wa msimu wa kwanza inaweza kuchoka kwa msimu wa nne, hata kama mashini ni ile ile.

Tuangalie kwanza, kisha tutibu

Munajua vile tunafanya shambani. Majani ya kahawa yakigeuka manjano, hatukimbilii kupiga dawa. Tunageuza jani, tunachimba kidogo tuone mizizi, tunauliza kama mvua imepungua. Manjano inaweza kuwa njaa ya udongo, maji mengi, au ugonjwa. Kukawia kwa serveri ni vile vile: ni dalili, na sababu zake ni nyingi.

Muulize kwanza: inakawia lini? Kila siku, ama siku ya malipo tu? Kwa kila mtu, ama kwa kazi moja? Muandike saa, kazi, na dakika ilizochukua, kwa juma moja, kwenye kaye. Ile kaye itamusaidia fundi kuliko maneno mingi.

Kisha fundi aulize serveri yenyewe. MySQL na PostgreSQL zinajua kuandika kila ombi linalochukua muda mrefu, lakini kawaida hiyo kazi imezimwa. Kwa MySQL inaitwa slow_query_log, na hata ikiwashwa, mpaka wake ni sekunde 10, fundi aushushe. Kwa PostgreSQL ni log_min_duration_statement. Baada ya siku chache mutaona ni maombi gani yanayokawia.

Sababu ya kwanza: kutafuta bila indeksi

Tuchukue mfano wa koperative yenye wanamemba 1,500. Kila mmoja analeta kahawa mara 20 kwa msimu. Hizo ni fishi 30,000 kwa msimu, na kwa misimu minne ni 120,000. Kwa kila fishi kulikuwa malipo ya kwanza, kwa hiyo tablo ya malipo nayo ina mistari 120,000.

Sasa programu inatengeneza orodha ya malipo ya pili. Inachukua fishi moja moja za msimu huu, na kwa kila moja inatafuta mstari wake kwenye tablo ya malipo. Kama ile tablo haina indeksi, mashini inasoma mistari yote 120,000 kwa fishi ya kwanza, tena yote kwa fishi ya pili, mpaka mara 30,000. Jumla ni mistari bilioni 3.6. Hata mashini yenye nguvu itachukua dakika nyingi, na ile ya zamani itashinda pale.

Indeksi ni sawa orodha iliyopangwa kwa numero. Ukitafuta numero moja kati ya 120,000 zilizopangwa, unafungua katikati, unatupa nusu, unafungua tena katikati. Mara 17 tu umefika. Serveri inafanya kazi kwa namna iliyo karibu na hiyo, tena kwa hatua chache zaidi.

Kwa kujua, fundi aandike neno EXPLAIN mbele ya ombi. PostgreSQL ikijibu «Seq Scan» kwa tablo kubwa inayotafutwa mstari mmoja, ama MySQL ikionyesha «ALL», maana yake inasoma tablo yote. Kitu kimoja kinadanganya watu wengi: PostgreSQL haiweki indeksi yenyewe kwa safu inayoelekeza kwenye tablo ingine, hali MySQL ya kawaida, ile ya InnoDB, inaiweka. Indeksi moja iliyokosekana inatengenezwa kwa dakika chache.

Lakini musiweke indeksi kila fashi. Kila fishi mpya inapoandikwa, indeksi zote za tablo yake zinaandikwa pia. Ni sawa mbolea: kipimo kikizidi, mmea unaungua.

Dawa ya pili kwa ugonjwa huu ni kupanga ombi upya: kuuliza fishi zote za msimu kwa mara moja, pahali pa kuuliza mara 30,000. Hii ni kazi ya mwenye kuandika programu.

Sababu zingine

*Memwari ndogo.* Serveri inasoma haraka kile kilicho kwenye memwari, na pole pole kile kilicho kwenye diski. MySQL na PostgreSQL zote zinaanza kwa megabaiti 128 tu, hata kama mashini ina gigabaiti 8. Kwa PostgreSQL, fundi anaweza kuanza na robo ya memwari yote. Kwa MySQL, kama mashini haina kazi ingine, anaweza kufika nusu ama zaidi. Kama mashini ile ile inaandika barua na kufungua intaneti, apunguze.

*Diski ya kuzunguka.* Diski ya zamani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa chake kinaruka kutafuta habari. Kwa sekunde moja kinaweza kuruka mara mia na kitu hivi. Diski ya SSD haizunguki, na inajibu maelfu. Kama kweli diski ndiyo inakawisha, kubadilisha diski peke yake kunaomba pesa ndogo kuliko kununua mashini nzima.

*Mtu ameacha mlango wazi.* Karani wa mizani anaanza kusahihisha fishi, hajamaliza, anatoka kwenda kupima kahawa. Serveri inamungojea, na wengine wanaotaka kusahihisha mstari ule ule wanangojea pia. Hapa mashini haichoki hata kidogo: inangoja tu. Fundi anaona wanaongojea kwa SHOW PROCESSLIST kwenye MySQL, ama pg_stat_activity kwenye PostgreSQL. Dawa ni mazoezi: kumaliza fishi mbele ya kutoka.

*Takataka.* Kwenye PostgreSQL, mstari uliosahihishwa unaacha ule wa zamani nyuma yake, na kuna kazi ya kufagia, autovacuum. Inawaka yenyewe. Kama mtu aliizima, tablo inavimba. Iwashwe.

Kitu kimoja kwa mara moja

Kwenye shamba la mfano tunaweka mbolea kwa tuta moja na tunaacha lingine bila mbolea, ili tujue nini imesaidia. Kwa serveri pia, fundi abadilishe kitu kimoja, apime kazi ile ile, aandike kwenye kaye, kisha aendelee. Akibadilisha vitano kwa siku moja, hatutajua kipi kilileta mbio na kipi kilileta hasara.

Mbio ya kukataa

Kuna fundi atakayesema: «Nizime fsync, mutaona mbio.» Kweli mutaiona. Lakini fsync ndiyo inayohakikisha kwamba fishi iliyokubaliwa imefika kabisa kwenye diski. Ikizimwa, na umeme ukakatika, tablo zinaweza kuharibika zote. Kwenye MySQL, innodb_flush_log_at_trx_commit ibaki 1 kwa sababu ile ile. Fashi zetu umeme unakatika bila kupiga hodi. Afazali kungoja dakika mbili kuliko kupoteza kilo za mama aliyeleta kahawa yake mwezi mzima. Muweke batri ya kusaidia, na nakala ya habari itoke kila siku, ichungwe nje ya bure. Na mara kwa mara mujaribu kuirudisha kwenye mashini ingine. Nakala isiyojaribiwa ni sawa mbegu isiyopimwa kuota.

Maulizo ya kupeleka kwenye mkutano mkuu

Haiombi mtu ajue ordinatere. Komite ikileta bei ya mashini mpya, kila memba ana haki ya kuuliza:

1. Ni kazi gani inayokawia, na inachukua dakika ngapi? Kaye iko wapi?
2. Fundi alisoma orodha ya maombi yanayokawia? Aliona nini?
3. Indeksi na memwari vimeangaliwa?
4. Kinachokawisha ni diski, memwari, ama kungojana?
5. Nakala ya mwisho ni ya tarehe gani, na nani alijaribu kuirudisha?

Kama majibu yote yapo, na bado mashini haiwezi, basi munaweza kununua kwa moyo mweupe. Kama jibu moja linakosekana, fundi arudi kwanza kazini, na pesa ibaki kwenye mfuko.