Luano – N'djili: saa moja yenye kupotea njiani

Wasomaji wetu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, wengi tuna ndugu kule Kinshasa. Lakini tarehe ya safari ikifika, tunahesabu vibaya.

Tuliona jambo hili kwenye kilio kimoja hapa Lubumbashi. Mzee mmoja, mfanyakazi wa mgodi, alifariki. Mdogo wake alipiga simu toka Kinshasa: « Yaya, ndeke inatoka huku 11 h 00, njia ni masaa mbili na nusu. 13 h 30 niko Luano. Mungojee kidogo tu. » Kutoa maiti nyumbani ilipangwa 14 h 30. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila saa ilikuwa ya Kinshasa. Aliposhuka, saa ya Luano ilikuwa 14 h 30, na maiti ilikuwa inatoka nyumbani. Alikuta kaburi limekwisha kufunikwa.

Kwa hiyo tuhesabu pamoja. Kutoka Luano mpaka N'djili, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 1.550. Kwa barabara inapita 2.000. Ndeke ya moja kwa moja inatumia karibu masaa mawili na nusu. Ikisimama Mbuji-Mayi ao Kananga, ongeza.

Shida njo hii: inchi yetu iko na saa mbili. Katanga, Kasai na mashariki wanatangulia Kinshasa kwa saa moja. Ukitoka Luano 10 h 00, tiketi inaandika kufika 11 h 30, utafikiri njia ni saa moja na nusu tu. Kurudi, ukitoka N'djili 14 h 00, inaandika 17 h 30. Ndeke haikuchelewa. Kila saa yenye kuandikwa kwenye tiketi ni ya mji wenyewe: ya kutoka ni ya kule unatoka, ya kufika ni ya kule unafika.

Wazee wetu walijua umbali huu kwa njia ingine. Tangu 1928 reli ilifika Ilebo, wakati ule Port-Francqui. Shaba ilipakizwa mashuani kwenye mto Kasai mpaka Kinshasa, kisha reli tena mpaka Matadi. Safari hiyo haikuhesabiwa kwa masaa.

Mtu wa Kolwezi asisahau tena karibu kilometa 300 za barabara mpaka Lubumbashi. Aombe ruhusa kazini kwa siku nzima, si kwa nusu.

Na kama kuna kilio, mwenye kupiga simu aseme wazi: « saa ya huku ». Maneno matatu tu, na ndugu anafika kabla ya udongo.