Sauti Nyembamba ya Kinanda cha Kompyuta: Dawa Ipo



Katika makambi ya mashamba na katika vyumba vya kupanga karibu na viwanda, bendi na kwaya nyingi siku hizi hazina kinanda cha kuonekana kwa macho. Zina kompyuta iliyokwisha kutumiwa na mwingine, kibao kidogo cha kubonyeza, na programu inayofanya kazi ya kinanda. Programu zenyewe mara nyingi ni za zamani, maana kompyuta kuukuu haiwezi kubeba zile mpya, na bei ya hizo mpya si ya mtu anayelipwa kwa kilo za majani ya chai. Lalamiko tunalolisikia ni lile lile kila mahali: sauti ni nyembamba. Ukiipiga peke yake chumbani inaridhisha, lakini ikiingia kati ya magitaa, ngoma na waimbaji inapotea, au inalia kama nyuki ndani ya kopo.

Wapo viongozi wa bendi ambao hukimbilia kuchangisha fedha wanunue programu nyingine. Tunawaomba wasubiri kwanza. Fedha za mfuko zina kazi nyingi, na ugonjwa huu unatibika kwa vitu ambavyo tayari vimo ndani ya kompyuta hiyo hiyo.

KWA NINI NI NYEMBAMBA

Kwaya ya watu ishirini ikiimba noti moja, hakuna wawili wanaoimba sawasawa kabisa. Mmoja yuko juu kidogo, mwingine chini kidogo, wa tatu amechelewa kuanza. Makosa hayo madogo ndiyo yanayoifanya sauti ya kwaya iwe nene. Chukua nyuzi mbili za gitaa, moja itetemeke mara 440 kwa sekunde na nyingine mara 442. Sikio litasikia sauti moja inayopanda na kushuka kwa nguvu mara mbili kila sekunde, kama kitu chenye pumzi.

Sasa tazama programu ya zamani. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilipotoa kinanda chake kidogo kiitwacho Neon, mwaka 1999, kompyuta za wakati ule zilikuwa na nguvu kidogo mno. Watengenezaji walilazimika kubana kila kitu: sauti chache kwa wakati mmoja, mawimbi ya aina chache, vichujio rahisi. Na kompyuta haikosei. Noti ikipigwa mara mia, itatoka mara mia kwa umbo lile lile. Hiyo ni kwaya ya mtu mmoja, tena mtu asiyepumua.

NDOO ZA MAJI NA NYAPARA

Wala tatizo hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1982 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa vinanda vya Juno-6 na Juno-60. Ili bei iwe nafuu, kila noti ilipewa chanzo kimoja tu cha mawimbi, wakati vinanda vya gharama vilikuwa na viwili au zaidi. Kingekuwa kinanda chembamba. Lakini mafundi walitia ndani yake korasi, yaani chombo cha kuifanya sauti moja isikike kama kundi, na mpaka leo watu wanamsifu Juno kwa unene wake. Ukizima korasi ile ndipo unapoujua umaskini wa sauti iliyo chini yake.

Korasi hufanyaje kazi? Mwaka 1969 watafiti wawili wa Philips huko Uholanzi, Sangster na Teer, walieleza saketi ambayo jina lake linatokana na wazima moto waliokuwa wakipokezana ndoo. Hebu fikiri ghala linaungua, na wafanyakazi wamejipanga mstari kutoka kisimani. Nyapara anapiga filimbi, na kila filimbi inapolia kila mtu anampa jirani ndoo yake. Maji ya kwanza hayafiki ghalani papo hapo. Yanachelewa kwa kadiri ya urefu wa mstari na mwendo wa filimbi. Ndivyo sauti inavyopitishwa katika saketi ile, kipande kwa kipande, ikatoka mwishoni ikiwa imechelewa kidogo.

Mambo huanza kunoga nyapara anapobadili mwendo. Akiharakisha filimbi polepole, kisha akaipunguza, nakala inayotoka hupanda kidogo na kushuka kidogo kuliko sauti ya asili. Changanya nakala hiyo na ile ya asili, na umepata waimbaji wawili badala ya mmoja. Korasi zilizomo ndani ya kompyuta zinafanya hesabu hiyo hiyo bila ndoo.

Tusisahau pia fundi Ken Townsend, mwajiriwa wa studio za EMI za Abbey Road mjini London. Mwaka 1966 waimbaji wa Beatles walikuwa wamechoka kuimba wimbo mara mbili ili sauti iwe nene. Townsend alitumia mashine ya pili ya kanda, akaichelewesha nakala kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kazi ya kurudia ikaondoka. Hapo tunaona mfanyakazi aliyewapunguzia kazi wafanyakazi wengine, jambo ambalo mashine mpya hazilifanyi kila mara.

JINSI YA KUFANYA

Tuchukue mfano wa FruityLoops, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 na ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Ndani yake kuna kinanda cha zamani kiitwacho 3xOsc, chenye vyanzo vitatu vya mawimbi na kisicho na korasi wala mwangwi wake chenyewe. Anza na vyanzo hivyo. Acha cha kwanza kama kilivyo. Cha pili kipandishe kidogo mno, kama sehemu 6 katika 100 za nusu ya sauti, na cha tatu kishushe kiasi hicho hicho. Ukizidisha, kinanda kitasikika kama kimeharibika.

Kisha tia mkwaruzo, lakini kwa mkono mwepesi. Sauti inaposukumwa hadi ikakwaruza kidogo, huzaa sauti nyingine ndogo juu yake, na sikio hulisikia umbo lililo kubwa zaidi. Hata watengenezaji wa ReBirth, programu ya Kiswidi ya mwaka 1997 iliyoiga mashine za Roland, waliweka mkwaruzo ndani yake tangu mwanzo. Walijua.

Korasi ifuate baada ya mkwaruzo. Ucheleweshaji uwe kati ya milisekunde 15 na 25, na mwendo wa kupanda na kushuka uwe wa polepole, mara moja kwa sekunde mbili hivi. Mchanganyiko usizidi nusu. Wanaopenda njia ya Townsend waache korasi, waweke nakala moja tu iliyochelewa milisekunde 30 bila kurudiarudia. Ukivuka 50 utaanza kusikia mwangwi wa pili ukijitenga.

Mwangwi wa ukumbi uwe wa mwisho kabisa. Ukiuweka kabla ya mkwaruzo, mkia wake wote utakwaruzwa na utapata tope. Punguza pia sauti nzito ndani ya mwangwi, zile zilizo chini ya mitetemo 250 hivi kwa sekunde. Tena, ukumbi wa mabati una mwangwi wake wa bure. Hapo huhitaji kuongeza karibu chochote.

Besi iache nje ya mambo haya. Besi iliyotiwa korasi huyumba, na ngoma hukosa mahali pa kusimama.

Kuna jambo moja ambalo huwaumbua wengi, na tunaliandika kwa msisitizo. Nyumbani kijana anasikiliza kwa spika mbili za masikioni, kushoto na kulia, na korasi inamjaa kichwani. Siku ya Mei Mosi sauti inatoka katika spika za pembe zilizofungwa juu ya mti, na zote zinatoa sauti moja. Kushoto na kulia vikiunganishwa, mawimbi mengine hukutana moja likipanda na jingine likishuka, yakafutana. Kinanda kilichokuwa kinene kinarudi kuwa chembamba, pengine kuliko mwanzo, mbele ya umati. Kwa hiyo kabla ya kumaliza, unganisha pande mbili kuwa moja ndani ya kompyuta na usikilize. Kilichobaki hapo ndicho watu watakachosikia.

NA WAPIGA TARUMBETA?

Hapa tuna neno. Bendi za wafanyakazi katika sehemu zetu zina historia ndefu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Dar es Salaam. Unene wa muziki wao ulitoka katika midomo ya wapiga tarumbeta na saksafoni, watu wawili au watatu wakipuliza pamoja. Kinanda kilipoingia katika bendi nyingi, wapulizaji ndio waliopunguzwa kwanza.

Wenzetu wa Uingereza waliliona hilo. Mwaka 1982 tawi la katikati ya London la chama cha wanamuziki lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza zipigwe marufuku. Halikuwa msimamo wa chama chote, na vinanda havikuzuilika. Sisi tunaona azimio lile lilikosea shabaha, maana chombo hakimfukuzi mtu. Anayefukuza ni yule anayehesabu gharama. Lakini hofu yao ilikuwa ya kweli. Bendi yenye mpulizaji mmoja aliyebaki isimwondoe kwa sababu kinanda sasa kimenenepa. Aipige ile noti pamoja na kinanda. Tumelisikia hilo likifanyika, na tarumbeta moja hai juu ya programu ya zamani hushinda korasi yoyote, kwa sababu yule mtu anakosea kidogo kila mara.

HIFADHI MAPEMA

Programu nyingi za miaka ile ziliandikwa kwa kompyuta za biti 32, na baadhi hazifunguki katika mashine mpya za biti 64. Kompyuta ikifa, kinanda nacho kimekwenda. Basi sauti ikishapendeza, irekodini noti kwa noti, kavu bila korasi na tena pamoja na korasi, mweke nakala katika vifaa viwili vinavyotunzwa na watu wawili tofauti. Vipimo vyote viandikwe katika daftari la bendi kwa kalamu, na daftari likae kwa katibu.