Kugawa mkindu: Mizizi kwanza, kisha kisu

MKINDU, ambao majani yake machanga husukwa ukili wa mikeka mwambao wa Afrika Mashariki, huota kichaka chenye mashina mengi, hivyo huweza kuzalishwa kwa kugawa machipukizi. Wengi huling'oa chipukizi kabla halijawa na mizizi yake. Hilo hunyauka hata likimwagiliwa kila siku. Yafaa udongo ufukuliwe kwanza, mizizi ionekane, ndipo kiungo kikatwe kwa kisu kikali. Kilele kisiguswe: kila shina lina ncha moja tu ya kukua, nayo ikijeruhiwa shina hufa. Majani hupunguzwa, mche ukatunzwa kivulini. Anayetaka matunda achague kichaka jike, kwani chipukizi hurithi jinsia ya mama. Mbegu haina hakikisho hilo.