Mafuta yakimwangika karibu na mto, tufanye nini?



Wengi kati yetu wanasema: petroli inachimbwa Muanda, mbali na sisi. Ni kweli. Lakini mazutu na esanse viko kwetu kila siku: kwa mashini ya kusaga, kwa motopompi, kwa mashua, kwa kamio zinazopita. Vikimwangika chini, mvua ya kwanza inavipeleka mtoni.

Maji yanaharibika namna gani? Mafuta ni mepesi kuliko maji, yanatandaa juu. Ile ngozi nyembamba yenye rangi za upinde wa mvua inazuia hewa kuingia. Samaki wanakosa pumzi, mayai yao yanakufa. Sehemu ingine ya mafuta inachanganyika na maji, hatuioni. Kuchemsha ao kutia klore kunaua vijidudu, lakini si dawa ya mazutu. Basi, maji yenye kunuka mazutu tusinywe, tusipikie, tusinyweshe mifugo wala kumwangilia lengalenga. Udongo uliokunywa mafuta haupitishe vizuri maji na hewa. Mbegu zinakawia kuota, ao haziote kabisa.

Wale wa kandokando ya Tanganyika tukumbuke: ziwa lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, kule Kalemie. Uchafu ukiingia, unakaa sana.

Mafuta yakimwangika:

1. Tuzime moto, sigara na moteri.
2. Tujenge tuta la udongo haraka, yasifike mtoni.
3. Tutie mchanga ao vumbi la mbao yanywe mafuta, kisha tuchote na kuweka mbali na kisima.
4. Tusisukume na maji ya sabuni. Mafuta hayapotee, yanaenda tu kwa jirani.
5. Tutume mtu awaambie wa chini ya mto wasichote maji, na tujulishe chefu na kituo cha afya.

Kamio ya esanse ikianguka, tusikimbilie na bidoni, tukae mbali. Pale Sange, katika bonde la Ruzizi, tarehe 2/7/2010, moto wa kamio ya namna hiyo uliua watu zaidi ya 200.

Kuzuia ni rahisi kuliko kusafisha. Motopompi ikae juu ya karai, si kwenye ukingo. Mafuta ya zamani ya moteri tuyaweke ndani ya bidoni yenye kifuniko. Na kwa mkutano unaokuja, kila koperative ichague mtu mmoja wa kuchunga mazutu. Maji ni ya wote.